Kuvu Njema Ilindayo Mahindi na Karanga

Wakulima wote wa mahindi na karanga waijua kuvu. Ni ule ukungu wa rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, uonekanao juu ya punje zilizopasuka, au ndani ya gunia lililoegemezwa ukuta wenye unyevu. Tangu zamani wazazi wetu walituonya tusile nafaka yenye ukungu, na onyo lao lilikuwa la haki. Walakini somo hili lataka kukueleza jambo ambalo huenda likakushangaza, ya kuwa si kila kuvu ni adui. Ipo kuvu ambayo mkulima huinunua kwa fedha yake, akaimwaga shambani kwa mkono wake mwenyewe, ili imlindie chakula cha watoto wake. Soma polepole, na usiposhika jambo, ulirudie.

1. UBAYA WA KUVU YENYE SUMU

Kuvu mbaya tunayoisema huitwa na wataalamu Aspergillus flavus. Makao yake ni udongo, mabua makavu, magunzi ya msimu uliopita na takataka nyingine za shamba. Mahindi yatoapo ndevu, vumbi la kuvu hiyo huchukuliwa na upepo na wadudu, likaangukia ndevu, kisha likaingia katika hindi lenyewe. Katika karanga huingia chini ya udongo kwa njia ya maganda. Jua likiwa kali na mvua ikikatika kabla ya mazao kukomaa, mmea hudhoofika, nayo kuvu hupata nguvu. Funza wakitoboa hindi, huifungulia mlango.

Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, nasi kwa Kiswahili twaiita sumukuvu. Sumu hii haina rangi, wala harufu, wala ladha. Moto wa jikoni hauiondoi. Ugali uliopikwa sana na karanga zilizokaangwa vizuri huweza kuwa nayo vilevile. Tena nafaka yaweza kuwa na sumu ingawa macho hayaoni ukungu wowote.

Habari zake zilianza kujulikana mwaka 1960, huko Uingereza, walipokufa batamzinga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa usiojulikana. Wataalamu walipotafuta sababu waliikuta katika mashudu ya karanga waliyolishwa ndege hao. Lakini msidhani ya kuwa hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Mwaka 2004, katika nchi ya Kenya, sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 miongoni mwao walikufa. Aghalabu mahindi hayo yalikuwa ya mashamba yao wenyewe. Sheria ya nchi hiyo wakati ule iliruhusu kiasi cha sehemu 20 za sumu katika sehemu bilioni moja za chakula. Mahindi mengine yaliyopimwa yalikutwa na sehemu 4,400, yaani mara 220 ya kiasi hicho. Na mwaka 2016 msiba kama huo ulitufikia sisi wa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua, na 20 wakafa.

Sumu hii hushambulia ini. Aliyeila kwa wingi huumwa tumbo, hutapika, macho yake hugeuka manjano, na tumbo na miguu huvimba. Mtu aonapo dalili hizo yampasa aende hospitali upesi, wala asingoje. Yule aliyekula kidogo kidogo kwa miaka mingi haugui siku hiyo, lakini yumo katika hatari ya saratani ya ini. Tena ng'ombe akilishwa mashudu au pumba zenye sumu, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa yake. Na mama anyonyeshaye vivyo hivyo.

2. KUVU HUZUIWA NA KUVU

Mmepata kuona shamba la viazi vitamu lililostawi. Majani yakiisha kuufunika udongo wote, magugu hayana pa kuota. Viazi havikuyang'oa magugu wala havikuyaua. Vimetangulia kukaa mahali pake tu. Na huyo aliyechelewa kupanda, akayaacha magugu yatangulie, ajua ilivyo kazi kuyashinda.

Kuvu nazo zina desturi hiyohiyo. Katika jamii ya Aspergillus flavus zimo zenye kutoa sumu nyingi, zenye kutoa kidogo, na zisizoweza kutoa sumu hata chembe. Ni kama watoto wa tumbo moja, mmoja mwizi na mwingine mwaminifu. Sura zao zafanana, chakula chao ni kimoja, na nyumba yao ni moja. Basi ile isiyo na sumu ikitangulia kuenea shambani kwa wingi, hulijaza shamba, hukalia mabua na ndevu na punje, na ile yenye sumu hukosa nafasi.

Aliyeifanyia kazi sana elimu hiyo ni Bwana Peter J. Cotty, mtaalamu wa Idara ya Kilimo ya Marekani. Huko jimbo la Arizona wakulima wa pamba walipata hasara, kwa kuwa mbegu za pamba walizolisha ng'ombe wa maziwa zilikuwa na sumukuvu. Wakaimwaga kuvu isiyo na sumu katika mashamba yao, na sumu ikapungua. Baadaye taasisi ya utafiti wa kilimo iitwayo IITA, yenye makao yake Ibadan katika Nigeria, ilishirikiana na wataalamu wa Marekani na wa nchi zetu kuileta elimu hiyo Afrika.

Hapa yafaa mfahamu jambo moja. Kuvu njema haikuletwa na meli kutoka nchi za mbali. Wataalamu walikusanya nafaka na udongo katika nchi hizi zetu, wakazitenga kuvu zilizomo, wakazijaribu moja moja, na kuzichagua zile ambazo kwa asili yake haziwezi kutoa sumu. Kwa hiyo tunapoimwaga shambani hatuleti mgeni. Twamwongezea nguvu mwenyeji mwema.

3. DAWA YENYEWE ILIVYO

Dawa hiyo huitwa Aflasafe. Ya Kenya ni Aflasafe KE01, na za Tanzania ni Aflasafe TZ01 na TZ02, zilizoandikishwa mwaka 2018. Kila nchi ina yake, kwa sababu kila moja imetengenezwa kwa kuvu za nchi hiyo. Kwa hiyo nunua ile iliyoruhusiwa katika nchi yako, kwa muuzaji anayeaminika, na uitazame tarehe ya mwisho wa kutumiwa iliyoandikwa juu ya mfuko. Kuvu ni kitu chenye uhai. Ikikaa mno hufa.

Ukiufungua mfuko utaona punje za mtama zenye rangi ya buluu. Mtama huo umepitishwa motoni ili usiote, kisha umepakwa mbegu za kuvu njema. Mtama ni chakula cha safari cha hiyo kuvu, mpaka ipate nguvu ya kuenea. Rangi ya buluu ni alama ya kumwonya mtu asidhani ni chakula. Usiule, usiupande, wala usiwape kuku. Uweke mahali pakavu, penye kivuli, pasipofikiwa na watoto.

4. WAKATI WA KUMWAGA

Ukisahau mengine yote katika karatasi hii, usilisahau hili. Mahindi humwagiwa dawa majuma 2 au 3 kabla ya kutoa mbelewele. Karanga humwagiwa zianzapo kutoa maua, kabla vikonyo vyake havijaingia udongoni kufanya maganda. Kuvu njema lazima itangulie. Ikichelewa, mwizi amekwisha ingia nyumbani, na kufunga mlango hakufai kitu.

Nimejifunza neno hili kwa aibu, nami nitawaeleza ili nanyi mlikumbuke. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii, kijijini nilikokuwa nikitumikia, alikuwako mama mmoja mjane mwenye eka moja ya mahindi na watoto wanne. Nilimwahidi dawa. Lakini nilichelewa kwenda kuichukua, na nilipofika kwake mbelewele zilikuwa zimekwisha toka na ndevu zimeanza kukauka. Yeye akaniuliza, "Bwana Shamba, je, wakati haujapita?" Nikaona haya kusema nimechelewa. Nikamjibu, "Haidhuru, mama, mwaga tu." Akamwaga.

Baada ya mavuno sampuli za mahindi yake zilipimwa, zikakutwa na sumu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Nilikwenda mwenyewe kumpa habari ya kuwa mahindi yale hayafai kuliwa wala kuuzwa. Alinyamaza kwa muda, akasema, "Mimi nilimwaga kama ulivyoniagiza." Sikuwa na la kumjibu. Mwaka ule watoto wake walilishwa na ndugu zake na majirani, na chakula walichokipalilia wenyewe kiliteketezwa mbele ya macho yao. Tangu siku ile, mkulima aniulizapo kama wakati umepita, nami nikaona umepita, humwambia, "Ndiyo, umepita," kisha tukashauriana mambo mengine ya kuipunguza hatari.

5. JINSI YA KUMWAGA

Kwanza, palilia shamba kabla ya kumwaga. Ukilima baada yake, utaifukia dawa chini ya udongo, nayo haitafanya kazi.

Pili, ngoja udongo uwe na unyevu. Punje zikipata unyevu, baada ya siku 2 au 3 huanza kufunikwa na vumbi la kijani. Ukiona hivyo usiogope. Ndiyo kuvu njema inayozaa. Udongo ukiwa mkavu, punje hukaa bure zikiliwa na ndege na chungu. Lakini usimwage vilevile mahali maji yapitapo kwa nguvu, maana yatazichukua.

Tatu, pima. Kiasi chake ni kilo 4 kwa eka moja, yaani kilo 10 kwa hekta. Asiye na kamba ya kupimia na apime kwa miguu: shamba la hatua ndefu 70 kwa hatua 70 ni karibu eka moja. Nusu eka yataka kilo 2, na robo eka kilo 1. Usitawanye kilo 4 juu ya eka 3 kwa kutaka kuokoa fedha.

Nne, tembea kati ya mistari, ukirusha kwa mkono kidogo kidogo kama mtu apandaye ulezi, mpaka shamba lote lipate sawasawa. Hakuna haja ya bomba wala maji. Vaa glavu, ufunike pua na mdomo, na ukiisha nawa mikono kwa sabuni. Fuata pia maelezo yaliyoandikwa juu ya mfuko.

Tano, wafunge kuku kwa siku chache za kwanza. Kuku kumi wakiingia shambani asubuhi, jioni dawa yako imo matumboni mwao.

Yafaa sana wakulima wa kijiji kimoja wamwage katika msimu mmoja, maana vumbi la kuvu hupeperuka na halijui mpaka wa shamba. Wengi wakimwaga, kuvu njema huenea nchi nzima, na sehemu yake husalia udongoni hata msimu ufuatao.

6. DAWA HII HAIFANYI KAZI YA MKULIMA

Majaribio katika nchi nyingi yameonyesha ya kuwa dawa ikitumiwa vizuri hupunguza sumukuvu kwa sehemu 80 katika 100, na mara nyingi zaidi. Hiyo ni faida kubwa. Lakini haiui funza wa mabua wala viwavijeshi, wala haizuii kuvu za jamii nyingine ambazo nazo zina sumu zao. Haileti mvua, wala haikaushi nafaka iliyovunwa mbichi. Kwa hiyo mkulima aliyeimwaga hana budi kuendelea hivi:

(a) Vuna mara mazao yakomaapo. Usiyaache mahindi yaanguke chini.

(b) Usianike juu ya udongo mtupu. Tumia turubai, mkeka au kichanja.

(c) Chambua. Tupa punje zilizopasuka, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Usiwape kuku wala ng'ombe, wala usizipikie pombe, kwa kuwa kupika pombe hakuondoi sumu.

(d) Kausha mpaka nafaka ilie ukiivunja kwa meno. Ukitaka hakika, tia chumvi kavu kidogo katika chupa ya kioo iliyo kavu, ongeza nafaka, funika, tikisa, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikishikamana na ubavu wa chupa, nafaka ingali mbichi, irudishe juani.

(e) Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, katika ghala isiyovuja. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana, maana humnyima pumzi dumuzi na fukusi.

(f) Usichanganye mahindi mabaya na mazuri ukidhani ubaya utapotea. Hautapotea, utaenea.

Kukoboa mahindi kabla ya kusaga nako kwafaa, kwa sababu sumu nyingi hukaa katika ganda na kiini. Lakini pumba hizo usimlishe mnyama kama mahindi yashukiwa kuwa na sumu.

7. NENO KWA WENYE SHAKA

Mzee mmoja aliniambia katika baraza, mbele ya watu wote, "Mwanangu, tangu utoto wangu nafukuza ukungu katika kihenge changu. Leo wewe waniambia nikanunue ukungu niumwage shambani?" Watu wakacheka. Nikamwomba ruhusa nimwulize nami, "Mzee wangu, nyumbani kwako mna mbwa?" Akasema, "Ninaye." "Nao waingiao usiku kula mbuzi ni wanyama gani?" Akajibu, "Mbwa-mwitu na fisi." Nikasema, "Basi, mbwa na mbwa-mwitu ni jamaa, wala hukumfukuza mbwa wako kwa makosa ya jamaa yake. Ulimchagua, ukamlisha, ukamweka mlangoni." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na huyo mbwa wako ni lazima alale mlangoni kabla ya usiku kuingia." Hakika aliifahamu maana yote ya somo hili kuliko nilivyoisema mimi.

Wengine huuliza kama dawa hii itatudhuru. Jibu ni kwamba imechunguzwa kabla ya kuruhusiwa, na kuvu zake ni zilezile zilizokuwamo udongoni mwetu, ila zimechaguliwa zisizo na sumu. Wengine huuliza kama fedha itarudi. Mfuko una gharama yake, nami siwezi kumficha mtu jambo hilo. Lakini wanunuzi wengi wakubwa hupima nafaka siku hizi, na sheria ya Tanzania hairuhusu zaidi ya sehemu 10 za sumukuvu katika sehemu bilioni moja za mahindi. Shehena ikizidi hapo hukataliwa. Tena si yote yahesabiwayo kwa shilingi. Nafaka nyingi ya mkulima haifiki sokoni kamwe. Huingia katika chungu chake mwenyewe, na wa kwanza kuila ni mtoto aliyeachishwa ziwa.

8. MASWALI YA KUULIZANA BARAZANI

Mwalimu au kiongozi wa kikundi awaulize wakulima maswali haya, na asiyejua aambiwe na mwenzake.

1. Kwa nini hatuwezi kuijua sumukuvu kwa macho, pua au ulimi?
2. Kuvu njema huizuiaje kuvu mbaya? Eleza kwa mfano wa viazi vitamu.
3. Mahindi humwagiwa dawa lini? Na karanga je?
4. Shamba la nusu eka lataka kilo ngapi?
5. Kwa nini hupaliliwa kabla ya kumwaga, wala si baada yake?
6. Taja mambo manne yampasayo mkulima baada ya mavuno, hata kama ameimwaga dawa.

Ndugu wakulima, mwenye kujibu yote sita anaweza kuanza msimu ujao bila hofu. Na ahesabu siku tangu alipopanda, aulizie dawa mapema, kabla mahindi hayajafika kifuani, wala asimngoje Bwana Shamba amletee nyumbani. Mimi nilichelewa mara moja, na mjane alilipa.